Tano mara mbili ni saba: kisa cha mtoto aliyekosa maswali tisa kwa sababu ya mfano mmoja

Dada yangu alinitumia picha ya daftari la mwanae jioni moja, chini yake kaandika "kaka huyu mtoto hesabu zimemkataa kabisa, njoo umuone". Mtoto ana miaka 7, na mi kazi yangu ndo hiyo, nafundisha madarasa ya chini, kwa hiyo kwenye ukoo wetu mtoto yeyote akikwama kwenye hesabu anasukumiwa kwangu. Nikafungua picha nikaikuza. Maswali 10, kapata 1, kakosa 9. Ukiangalia harakaharaka utasema ndio, zimemkataa.

Ila ebu tulia uangalie alichojibu. Juu ya ukurasa kuna maelekezo, "Ongeza kila namba mara mbili", afu kuna mfano mmoja wa mshale, 2 → 4. Chini yake namba za 1 mpaka 10 zimevurugwa mpangilio, mtoto aandike jibu mbele ya mshale. Yeye kaandika 5 → 7, 1 → 3, 8 → 10, 3 → 5, 9 → 11, hivyo hivyo mpaka chini. Aliyopata ni ile 2 → 4, ambayo tayari ilikuwa imeandikwa kwenye mfano.

Mtoto ambaye hajui anabahatisha, hapa utakuta 9, pale 12, pale kaacha wazi. Huyu hajabahatisha hata sehemu moja. Majibu yote 10 yametoka kwenye kanuni moja tu, jumlisha mbili, na hiyo kanuni kaifanya bila kosa hata pale kwenye 9 panapovuka kumi, sehemu ambayo watoto wengi wa umri wake wanateleza. Kwa maneno mengine kapata 10 kwa 10 kwenye swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Nikamjibu dada, hazijamkataa, nakuja Jumamosi, usimgombeze.

Nilivyofika sikugusa daftari kwanza. Tulikuwa tumekaa tu nikamuuliza kama utani, tatu na tatu? "Sita!" Nne na nne? "Nane!" Tano na tano? "Kumi!" Anajibu kabla sijamaliza, kumbe wana kawimbo wanaimba darasani, moja na moja mbili, mbili na mbili nne, unaenda mpaka tano na tano. Basi nikamuuliza, na mara mbili ya tatu? "Tano". Hakupepesa macho. Sekunde 10 zilizopita kaniambia tatu na tatu ni sita, sasa ananiambia mara mbili ya tatu ni tano, na kichwani mwake hayo mawili hayagombani kwa sababu hajui kama yanafahamiana. Kawimbo kako chumba chake, "mara mbili" iko chumba chake, na mlango wa katikati hamna.

Sa hapa ndo walimu wengi tunaharibu, na mi nikaharibu. Nikamwelekeza. Nikamwambia mama sikiliza, mara mbili maana yake namba ujumlishe na yenyewe, ukiambiwa tatu unafanya tatu na tatu, umeelewa? Kaelewa. Tukafanya maswali sita akapata yote, dada akafurahi, tukanywa chai. Kesho yake asubuhi namuuliza mara mbili ya tano, "saba".

Nilikuwa nimemkabidhi kanuni mpya bila kujua ile ya zamani imekaaje na imetoka wapi, na hakuna siku kanuni yangu ya jana ingeishinda kanuni yake aliyoijenga mwenyewe. Kwa hiyo nikafanya kitu nilichotakiwa kufanya toka mwanzo, nikamwambia nionyeshe unavyofanya, polepole, mimi sijui.

Akanyoosha vidole vitano. "Tano." Afu akanyanyua kidole kimoja cha mkono wa pili, "naongeza mara ya kwanza, sita". Akanyanyua kingine, "naongeza mara ya pili, saba". Akaniangalia kama mtu anayemsubiri mwenzake mzito wa kuelewa.

Jamani. Ongeza mara mbili. Kaongeza mara ya kwanza, kaongeza mara ya pili. Kwa Kiswahili huyu mtoto yuko sahihi kabisa! Nimekuita mara mbili maana yake nimekuita, afu nikakuita tena. Gonga mlango mara mbili, ko ko. Ruka mara mbili. Maisha yake yote ya miaka 7 "mara mbili" imekuwa ni idadi ya safari za kufanya jambo, na jambo lenyewe hapa aliloambiwa ni kuongeza. Hakuambiwa aongeze ngapi, basi kachukua moja, ambayo ndio kawaida mtoto anapoambiwa "ongeza". Miaka yote nafundisha hii mada na sijawahi kuisikia hiyo sentensi kwa masikio ya mtoto. Na tusijidanganye kwamba wakubwa tuko salama, mwambie mtu mzima idadi ilikuwa 100 ikaongezeka mara mbili, mmoja atakwambia sasa ni 200, mwingine atakwambia hapana, zimeongezeka mia mbili juu ya ile mia kwa hiyo 300, na watabishana hadi usiku.

Haya, lugha imemchanganya, ila lugha peke yake isingetosha. Angekuwa na mfano mzuri ungemshtua. Na mfano aliopewa ni 2 → 4.

Hebu ufikirie huo mfano kwa macho ya mtu ambaye hajui jibu. Mbili imekuwa nne. Inaweza kuwa umejumlisha 2. Inaweza kuwa umezidisha kwa 2. Inaweza kuwa namba imejizidisha yenyewe, maana 2 kwa 2 nayo ni 4. Inaweza hata kuwa umeenda kwenye namba shufwa inayofuata. Kanuni nne tofauti zinaingia kwenye mfano mmoja na zote zinatoka na jibu sahihi, kwa hiyo mfano haujamwambia mtoto kitu chochote zaidi ya alichokuwa anaamini tayari. Mtoto kaja na wazo lake la kuongeza moja moja mara mbili, kalipima kwenye mfano, 2, 3, 4, limekubali. Kafanya vile tunavyomwambia afanye siku zote, soma mfano kwanza ndo ufanye! Weka 5 badala ya 2 uone tofauti. Mwenye kujumlisha mbili atapata 7, mwenye dabo atapata 10, mwenye kujizidisha atapata 25. Hapo kila mtu anajikuta yuko kundi gani. Namba 2 ndo namba mbaya kuliko zote kuanzia hii mada, na ndio hiyo hiyo tunayoanzia nayo wote kwa sababu inaonekana ndogo na rahisi. Aliyetengeneza lile zoezi simlaumu sana, mi mwenyewe nimeuandika huo mfano ubaoni sijui mara ngapi.

Sasa dawa. Mtu atakwambia tumia vifaa, mpe vitu ashike. Sawa, nilikuwa na vifuniko vya chupa, nikamwambia weka vinne, sasa viongeze mara mbili. Akaweka vinne, akaongeza kimoja, akaongeza kingine, sita. Vifuniko vyenyewe havina akili, vinafuata wazo la anayevipanga, kama wazo limepinda na vifuniko vinapinda nalo. Nasema hivi kwa sababu kuna imani kwamba ukishamwaga vitu mezani hesabu inajifundisha yenyewe. Haijifundishi. Kinatakiwa kifaa ambacho kinakataa kupinda.

Kikapatikana kioo. Kile cha mkononi cha mstatili, kisichokuwa na fremu nene (fremu ikiwa nene inaacha pengo katikati na mtoto anaanza kuhesabu pengo). Nikapanga vifuniko vitatu kwenye mstari, nikasimamisha kioo wima mwishoni mwa mstari, nikamwambia hesabu vyote unavyoviona.

"Na vya ndani?"

Vyote unavyoviona.

Akahesabu kwa kugusa, hadi kwenye kioo akaacha alama za vidole. Sita. Tukaweka vitano, kumi. Tukaweka kimoja, viwili. Hapo kwenye kimoja akasimama kidogo, nikaona kitu kimemsumbua, maana kwake moja ilitakiwa iwe tatu. Sikusema kitu. Nikaanza kuziba kioo na daftari, anapanga vifuniko, anasema kwanza ataona vingapi, ndo natoa daftari. Hii ya kusema kwanza msiiruke, mtoto akiangalia tu anafurahia kioo, ila akisema kwanza anakuwa kaweka dau na macho yanafunguka.

Akaweka vinne, akasema sita, nikatoa daftari, nane. Akanuna. Akaweka tena vinne kana kwamba kioo kimekosea. Nane tena.

Basi nikamuuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndo lililofanya kazi yote: kioo kimeongeza ngapi? Tukaenda moja moja. Ulipoweka vitatu kiliongeza? Vitatu. Ulipoweka vitano? Vitano. Ulipoweka kimoja? Kimoja. Kwa hiyo kioo kinaongeza mbili? Akatikisa kichwa. Akakaa kimya, anachezea kifuniko, afu akasema "kila kimoja kina pacha wake".

Hilo neno mi sikuwa nalo. Nina maradufu, nina dabo, nina mara mbili, zote za kwangu, pacha ni la kwake. Nikalishika hapo hapo. Wiki nzima ile hatukusema mara mbili hata siku moja, tulisema mpe pacha. Saba, mpe pacha kila mmoja. Na sifuri je? Tuliondoa vifuniko vyote mbele ya kioo, akacheka, "hamna kitu na pacha wake hamna kitu". Sifuri ni kipimo kizuri sana na hakitumiki, maana yule wa kujumlisha mbili lazima akwambie mbili, hawezi kukwepa.

Kurudisha "mara mbili" ilibidi niende taratibu, na hapa nilibadilisha kitenzi tu. Sikumwambia ongeza tano mara mbili. Nilimwambia tano ije mara mbili. Imekuja mara ya kwanza, hizi hapa, imekuja mara ya pili, hizi hapa. Neno "mara" likabaki na maana ile ile anayoijua toka mdogo, kinachorudia safari ya pili ni tano nzima badala ya kuongeza, akalimeza bila shida. Ningeweza kupigana na Kiswahili chake, sijui kwa faida gani.

Juu ya tano kawimbo kanaishia, ikabidi tutumie mikono. Saba ni mkono mzima na vidole viwili. Mi nikatoa saba na yeye saba, mikono mizima ikagongana, kumi, vimebaki viwili vyake na viwili vyangu, nne, kumi na nne. Sita, nane, zikapita hivyo hivyo. Kuna fremu ya shanga ya Kiholanzi inaitwa rekenrek, aliibuni Adri Treffers, ina mistari miwili ya shanga kumi kumi, tano rangi moja tano rangi nyingine, inafanya kazi hiyo hiyo, mtoto anaona zile tano mbili zinakaa pamoja bila kuhesabu. Sisi tulifunga shanga kwenye kamba mbili juu ya kipande cha boksi, inatosha.

Tisa ilitaka kutusumbua. Nikamwambia tisa ni kumi kasoro moja, kumi na pacha wake ni ishirini, kwa hiyo? "Kumi na tisa". Kosa la kawaida, kapunguza moja tu. Nikamrudisha kwenye kioo, vifuniko kumi, toa kimoja. Na yule wa ndani kaondoka, akasema mwenyewe, "kaondoka na pacha wake". Kumi na nane. Hapo nikajua neno limeshika, maana kalitumia kutoa wakati mi nilimpa kwenye kuongeza.

Mwezi mmoja baadaye likaja lingine. Kapewa 36, kaandika 612. Nikamwambia sema kwa mdomo. "Thelathini mara mbili sitini, sita mara mbili kumi na mbili". Kila kitu sahihi! Kilichokosewa ni kubandika tu, kachukua 6 na 12 kaziweka bega kwa bega. Dawa nayo ilikuwa mdomoni mwake, nikamwambia rudia yote pamoja, "sitini na kumi na mbili", kumi yake ipeleke kwa sitini, "sabini... na mbili". Majina yetu ya namba yanasaidia sana hapa, kumi na mbili inajitangaza yenyewe kwamba ndani yake kuna kumi, mtoto anaisikia.

Ila makumi yenyewe yanaficha, na hili lilinigharimu siku mbili kuligundua. Alikuwa anajua tatu inakuwa sita, lakini thelathini inakuwa sitini ilikuwa inamtoa jasho mwanzoni. Kwa nini? Sema kwa sauti: sita na sitini zinasikika ndugu, saba na sabini, tisa na tisini. Sasa sema tatu na thelathini. Nne na arobaini. Nane na themanini. Haya makumi tumeyapokea kutoka Kiarabu, na tatu yetu, nne yetu, nane yetu ni za Kibantu, kwa hiyo sikio halipati msaada. Ukimuuliza mtoto mara mbili ya arobaini unamtaka atoke kwenye jina linaloficha nne aende kwenye jina linaloficha nane. Tulifunga vijiti kumi kumi na mpira, mafungu manne, yape pacha, mafungu manane, sasa fungu nane zinaitwaje? Themanini. Kwanza mafungu, jina baadaye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sita na saba? "Sita na sita kumi na mbili, na moja". Nne mara kitu chochote ni dabo ya dabo. Nikamwonyesha Wamisri wa kale walivyozidisha, kwenye ule mwandiko wa mafunjo alionakili karani Ahmes, mwaka 1550 KK au hapo karibu, kazi yao ya kuzidisha kwa sehemu kubwa inasimama juu ya dabo: unataka 7 mara 13, andika 7, 14, 28, 56, hizo ni moja, mbili, nne na nane, chagua zinazofanya 13 yaani moja na nne na nane, jumlisha 7 na 28 na 56, 91. Hakuelewa yote, ana miaka 7, ila ile safu ya 7, 14, 28, 56 aliishusha mwenyewe.

Msidhani ile kanuni ya zamani ilikufa. Siku moja tunakunja karatasi. Kunja mara moja, fungua, vyumba 2. Kunja mara mbili, vyumba 4. Nikamuuliza kabla ya kukunja mara ya tatu, vitakuwa vingapi? "Sita". Kwa kujiamini kabisa! Mbili, nne, sita, kumbe ile namba 2 imerudi na mtego wake ule ule, ukiiona 2 ikifuatwa na 4 kichwa kinakimbilia 6 chenyewe. Sikumsahihisha, tukakunja, tukafungua, akahesabu kwa kidole vyumba 8, akakaa akaiangalia ile mistari muda mrefu afu akasema kila chumba kimekatwa, kila chumba kimepata pacha. Mkunjo wa nne akasema 16 kabla sijauliza.

Wiki iliyopita dada kanipigia, mtoto anataka kuongea na mimi. Wamepewa zoezi jipya, nusu. Ananisomea maelekezo kwenye simu, "Punguza kila namba kwa nusu", afu ananisomea mfano, nne mshale mbili. Akanyamaza. Nikasubiri.

"Mjomba, sa hapa wamegawa au wametoa mbili?"

Nikamuuliza yeye anaonaje.

"Huu mfano hausemi," akajibu, na nikasikia anafunua ukurasa kutafuta mwingine.